Mdomo wa Nayra

Alhamisi, 3 Machi

...na hilo la unga jana sikulimaliza, usingizi ulinikuta na kalamu mkononi. Ni hivi: Limbert akirudi asubuhi kutoka bekari, uso wake una rangi mbili. Juu mweupe – paji, nyusi, kope, zote unga. Chini, pale barakoa ilipokuwa, ni ngozi yake mwenyewe, safi, ya moto bado kwa joto la tanuri. Anavua barakoa mlangoni, nami nabusu pale pasipo na unga.

"Unachagua," anasema.

Nachagua, ndiyo. Nilipomaliza sekondari nilidhani furaha ni neno la kwenye kadi za harusi. Kumbe inakaa katika chumba kimoja cha kupanga, chenye kitanda, cherehani yangu, jiko la gesi, na upepo wa mji huu wa El Alto unaopita chini ya mlango. Mke wa Limbert! Tangu harusi nimeandika maneno hayo pembeni mwa kila ukurasa kama mtoto wa shule.

Leo amekwenda kijijini kumchukua Nayra. Binti yake. Binti yetu – niandike polepole, nizoee. Ana miaka minne. Mama yake, Benita, alikufa katika ule mwaka wa kwanza wa maradhi haya, na tangu hapo mtoto amelelewa na bibi yake, Mama Saturnina, mama mzazi wa Benita, huko nyanda za juu karibu na ziwa. Sasa baba ameoa, kuna mwanamke nyumbani, mtoto anaanza chekechea mjini. Ndivyo ilivyopangwa.

Walifika saa kumi. Nayra alishuka na furushi la nguo mgongoni, na kona ya shali imefunika pua na mdomo. Macho tu. Macho makubwa, meusi, yaliyonitazama kuanzia viatu.

"Njia nzima hivyo hivyo," Limbert akasema. "Hata biskuti kakataa."

"Ana haya," nikasema.

Barakoa nilishamshonea, tano, kwa vitambaa vilivyobaki kwenye sketi za wateja, moja nimeitarizi masharubu ya paka. Nilimfungua ile shali, nikamvalisha moja palepale, kumzoesha kabla ya Jumatatu. Akatulia. Hakulia, hakuvuta! Wanawake wote wa hapa uani wanapigana na watoto wao kila asubuhi, na wangu kakubali mara moja. Nilijiona nimeshinda bahati nasibu.

Usiku huu Limbert kaniambia, kwa sauti ya chini, masharti ya Mama Saturnina. Mpaka Pasaka. Atakuja kumwona. Mtoto akiwa amenawiri, ni wetu. Akiwa amekonda, anaondoka naye, na tusimfuate.

Atanawiri. Baba yake anaoka mikate!


Jumatatu, 7 Machi

Siku ya kwanza. Mwalimu Edelmira alikuwa mlangoni na barakoa mbili, na juu yake kioo cha plastiki kilichojaa mvuke. Kanuni zimebandikwa ukutani: kila mtoto barakoa, toka anaingia hadi anatoka, isipokuwa wakati wa kula. Ndani ni vurugu. Mmoja anatafuna yake. Wawili wamebadilishana. Mwingine kaipandisha machoni na anagonga meza akisema yeye ni kipofu wa sokoni, wamsaidie.

Nayra alikaa alipowekwa. Barakoa imenyooka kama nilivyoifunga.

"Huyu ni mfano," Mwalimu Edelmira akasema. "Mama wa mtoto huyu anajua kazi."

Mama! Nilitembea hadi nyumbani bila kukanyaga chini.

Lakini mkate wake umerudi. Ile marraqueta ya baba yake, niliyoipaka siagi. Mzima. Alipoutoa kwenye mfuko na kuniwekea mezani, kwa mikono miwili, hakusema kitu.

Kwa kweli, sasa naandika ndiyo naona – tangu Alhamisi hajasema neno hata moja. Anaitikia kwa kichwa.


Jumatano, 9 Machi

Haivui.

Si chekechea tu. Nyumbani pia. Nikimwekea supu ya kinoa anachukua bakuli, anageukia ukuta, anainua kitambaa kwa chini kidogo tu, kijiko kinaingia, kitambaa kinashuka. Vijiko vichache, basi. Analala nayo. Asubuhi nambadilishia, na hata hapo anafumba macho, anabana midomo, anashika pumzi mpaka nyingine ifungwe. Naona mdomo wake mara moja kwa siku, umebanwa kama mshono.

Limbert alijaribu mchezo. Alirudi na unga wake usoni, akajipaka na pale pasafi, akawa mweupe wote, akasema, "Nayra, mimi ni nani?" Macho ya mtoto yalicheka. Niliona. Kitambaa kikatikisika. Lakini mkono wake ulipanda kushika barakoa, kuhakikisha ipo.

"Atazoea," Limbert akasema.

"Tatizo ni kwamba amezoea."

Akanikumbatia, nikawa na unga mpaka masikioni. Nampenda mno. Lakini nilipokuwa kifuani pake nilikuwa nawaza Pasaka.


Ijumaa, 11 Machi

Redio imesema! Watoto wa chini ya miaka mitano hawalazimiki tena kuvaa barakoa. Kila shule ikae na wazazi iamue. Niliacha cherehani ikizunguka peke yake, nikamshika Nayra mikono, nikamwambia: umesikia? Serikali imeruhusu. Unaweza kuvua.

Akanitazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto anayesema uongo.


Jumapili, 13 Machi

Mama Saturnina alipiga simu. Kwao mtandao unapatikana kilimani tu, kwa hiyo upepo unasema kwanza, yeye baadaye.

"Anakula?"

"Anakula, mama."

"Anakula nini?"

"Supu. Mkate."

"Nipe nimsikie."

Nikampa Nayra simu. Akaishika sikioni, akasikiliza, akatikisa kichwa ndiyo, ndiyo, kama vile bibi anamwona. Nikaichukua. Nikasema ana mafua kidogo, koo limekauka. Sijui uongo ule ulitoka wapi, ulikuja umeshashonwa.

"Mafua," akasema Mama Saturnina. "Huko mnakofunika watu kama sufuria, mafua yanaingilia wapi?"

Jioni nilimpima sketi niliyomkatia alipofika. Kiuno kinazunguka. Niliingiza mshono ndani, nikatazama, nikauficha uzi uliokatwa kwenye mfuko wa aproni ili Limbert asiuone. Mimi ni fundi. Mkono wangu unajua kiuno kikipungua hata nikifumba macho.


Jumanne, 15 Machi

Mkutano wa wazazi, uwanjani pa chekechea, tumekaa kwenye viti vya watoto, magoti masikioni. Mwenyekiti ni Mzee Froilán, anayeuza vipuri vya baiskeli na anaongea kama anatangaza bei. Swali: barakoa zibaki au zitoke.

Baba mmoja mwenye koti la ngozi alisimama kwanza. Wangu anarudi kila siku na barakoa ya mtoto mwingine, akasema. Imelowa. Hiyo ndiyo afya?

"Afadhali ya mwingine kuliko hakuna," mwanamke mmoja akamjibu.

"Basi vaa ya jirani yako hapo, tukuone."

Watu wakacheka. Mwanamke yule akatazama barakoa ya jirani yake, akasema asante, leo hapana.

Kisha akasimama Bi Casimira, bibi anayelea wajukuu wawili, mwanawe alikufa mwezi mmoja na Benita. Alishika ukuta. Alisema yeye ana nusu ya mapafu, nusu nyingine aliiacha hospitali. Wajukuu wakileta kitu nyumbani kwa sababu nyinyi mmechoka kufua vitambaa, nani atawapikia? Wewe mwenye koti?

Mwenye koti akakaa.

Mwalimu Edelmira aliulizwa. Akavua kile kioo chake, akakifuta, akakivaa tena. Alisema anafundisha herufi, anasema "m", na watoto wanaona kitambaa kinapepea. Kuna wengine hawajui bado anafananaje. Halafu akasema mwenzake wa darasa la pili hakurudi baada ya ule mwaka. "Msiniulize nataka nini. Nataka vyote viwili."

Nilinyoosha mkono. Sijawahi kusema mbele za watu. Kabla sijafungua mdomo sauti ikatoka nyuma: "Huyo si mama, ni mke wa baba. Ana kura?"

Mzee Froilán akauliza, "Nani anampikia mtoto?"

"Mimi."

"Nani anamfulia?"

"Mimi."

"Ana kura. Sema, binti."

Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha kusema zitoke. Nilikuwa hata na maneno mazuri. Nikasema: "Wangu haivui hata akiruhusiwa. Haivui hata kula. Sijui niombe nini."

Mtu akasema, "Tubadilishane, dada, wangu kaitupa kwenye paa," na wakacheka, na mimi nikacheka, na nilitaka kulia.

Wakapiga kura kwa mikono. Zibaki ndani ya darasa mpaka Pasaka, uwanjani zivuliwe. Mkono wangu ulikaa magotini mara zote mbili. Nilipotoka Bi Casimira alinishika kiwiko. "Mtoto anayekubali kila kitu," akasema, "mwulize anaogopa nini." Nikamwambia nimeuliza. Akasema, "Umeuliza kwa lugha gani?"

Sikuelewa. Kihispania, kwani nyingine naijua? Kiaymara, lugha ya kijijini kwao, najua salamu tu. Nimezaliwa hapa hapa mjini.


Alhamisi, 17 Machi

Siwezi kukaa. Naandika nimesimama, daftari liko juu ya cherehani.

Mama Saturnina amekuja. Leo ni siku ya soko kubwa, ameleta jibini kuuza, na hakutuambia. Nilifungua mlango nikakuta sketi tano zilizovaliwa moja juu ya nyingine, kofia, na barakoa imening'inia kidevuni kama ndevu za mbuzi.

"Kondakta kanilazimisha," akasema. "Nimemwambia sindano sijachoma, kitambaa sivai, nauli nimelipa. Akasema basi shuka. Haya, yuko wapi?"

Nikasema bado chekechea. Akakaa kitandani petu – kitanda cha mimi na Limbert! – akatazama chumba chote. Alitazama picha ya harusi. Nilisubiri aseme neno. Akasema, "Gauni umelishona mwenyewe? Mshono mzuri." Sikujua kama ni sifa au ni msiba.

Limbert alimleta Nayra. Mtoto alipomwona bibi yake hakukimbia, alitembea, polepole, kama anayevuka maji. Mama Saturnina akampapasa juu ya sweta. Mikono ile imekamua ng'ombe miaka yote, inajua kitu kilichopungua kama yangu inavyojua.

"Mbavu hizi za nani?" akaniuliza mimi, si Limbert.

Nikamvuta mtoto sweta chini, nikainyoosha.

Kisha akamwinamia mtoto, na Nayra akasema. Sauti nene kidogo, ya chini, sikuitegemea – niliwaza sauti ya ndege, kumbe ni ya kuku. Kwa Kiaymara. Nilielewa neno la bibi tu.

Mama Saturnina akajiinua. Akamgeukia Limbert. Uso umebadilika.

"Hamkumwambia amefika?"

Limbert akashika kichwa kwa mikono miwili. Nikauliza: kasema nini? Jamani, mtoto kasema nini?

"Kauliza," Limbert akasema, "'Bibi, nimefika?'"

Ni hivi, na inabidi niiandike yote, maana kila mtu wa huko anaijua isipokuwa mimi. Mtoto mdogo akitoka kijijini kwenda mbali, aliyemlea anamfunga mdomo kwa shali, barabarani, kwa sababu ya upepo. Ajayu ya mtoto, ile roho yake inayotembea, bado haijashika vizuri. Inaweza kutoka mdomoni ikabaki njiani. Anaambiwa: usifungue mpaka uambiwe umefika. Na mwenye nyumba anakokwenda ndiye anayemfungua shali na kumwambia, umefika, fungua. Ndipo roho inajua kuwa hapa ni kwake. Mmoja anafunga, mwingine anafungua. Kila mtu anajua! Limbert alifungwa na kufunguliwa hivyo alipokuwa mdogo. Alisahau. Alikuwa ametoka bekari bila kulala, ana haraka, ana mke mpya.

Na mimi nilimfungua shali. Sikusema kitu. Nikamfunga kitambaa kingine palepale mlangoni, changu, cha kushona kwa mkono wangu, nikafurahi kwamba hakulia.

Kwa hiyo alikuwa njiani. Siku zote hizi, darasani, mezani, usingizini – mtoto alikuwa bado yuko safarini.

Nilipiga magoti. "Umefika," nikamwambia. "Nayra, umefika. Fungua." Akanitazama, akamtazama bibi. Mama Saturnina hakumsaidia. Alisema hii si nyumba yake, si yeye wa kusema. Lakini baadaye, mtoto aliposimama tu pale na mikono imening'inia, alimhurumia. "Haya, leo uko na mimi. Vua."

Nayra aliivua kama mtu anavyovua kofia kanisani.

Alama za mpira kwenye mashavu, nyekundu. Ngozi ya chini imepauka. Pengo juu. Na mdomo mpana, unaopinda upande mmoja – Limbert aliuona akatoka nje kwenda kutazama ukuta wa jirani, na nilijua ni mdomo wa nani. Nilihisi kitu kifuani, kidogo, kibaya, kikapita. Halafu mtoto akaanza kula. Mkate, jibini, mkate. Tulikula sote kutoka sahani moja, wanne, vidole vinagongana, na Nayra akasema na bibi yake mpaka giza likaingia.


Ijumaa, 18 Machi

Mama Saturnina anaondoka naye kesho.

Nilijitetea. Nilisema sasa tumejua, sasa anakula. Alikuwa anasuka nywele za Nayra na hakuinua kichwa.

"Tulisema akikonda narudi naye. Amekonda."

"Mama, nilikudanganya kwenye simu. Nilisema mafua."

"Nilijua. Mafua yana kelele." Akafunga msuko. "Sikiliza, binti. Ulipomwambia amefika, alikutazama mdomo, si macho. Anakutaka. Ila roho yake imesubiri mlangoni kwako ikachoka, imerudi nyumbani kwangu. Naijua, mbwa ananibwekea usiku pasipo mtu. Huwezi kuiambia 'umefika' ikiwa haipo."

"Sasa?"

"Sasa uje. Tutatoka wote barabarani pale nilipomfunga. Utashika sweta yake, roho iijue nguo yake, utamwita. Kwa jina lake, kwa mdomo wako, wazi, bila hicho kitambaa. *Jutam*, Nayra. Njoo. Anayeita ndiye anayefuatwa. Akikufuata mpaka kwenye gari bila kushikwa mkono, ni wako, na mimi nitalia peke yangu."

"Na asiponifuata?"

"Utakuwa umekula viazi vyangu ukarudi."

Nikamwuliza nije lini. Alisema kabla ya mwezi kuisha. Mwezi ukiisha wanaanza kuvuna, hana muda wa roho za watu.

Tangu jioni naufundisha mdomo wangu lile neno. *Jutam. Jutam.* Limbert anasema natamka kama askari wa trafiki. Nikampiga na mto. Tukacheka, akanishika mkono hadi alipokwenda kazini.


Jumamosi, 19 Machi

Wamekwenda. Na leo ni Siku ya Baba. Nayra alimpa Limbert tai ya karatasi aliyotengeneza chekechea. Ameivaa kituoni, kaivaa kurudi, kaivaa kulala.

Alipopanda gari mtoto alikuwa uso wazi. Bibi yake hakumfunga shali. Nilitaka kuuliza kwa nini, kisha nikaelewa: anakwenda kwao.


Jumatatu, 21 Machi

Limbert kaunguza mikate. Trei nzima, halafu nyingine. Bekari hawatumii saa, wananusa. Mkate uliokaribia una harufu kama ya karanga, kasema mwenyewe mara elfu. Leo alisimama mbele ya tanuri mpaka moshi ukatoka, na ni wenzake waliopiga kelele.

Alirudi mapema. Nilimbusu pale pasafi. Akasema, "Zenobia, nusa mkono wangu. Una harufu gani?"

"Ya moshi."

"Mimi sisikii kitu."

Nikamletea kitunguu. Nikamletea sabuni ya kufulia. Nikamletea ile chupa ya manukato ya harusi. Alinusa vyote kwa makini, kama mwanafunzi mzuri, na kila mara alitikisa kichwa, na nilikuwa natabasamu ili asiogope.

Sahani moja. Wanne. Vidole vinagongana.


Jumanne, 22 Machi

Wamempima kituo cha afya. Anayo. Ana homa, anakohoa kwenye mkono wa sweta, amelala kitandani, mimi sakafuni karibu na cherehani, dirisha wazi, upepo unaingia kama mwenye nyumba. Wote wawili barakoa. Mume wangu na mimi, wiki chache baada ya harusi, tunatazamana macho tu. Kaniambia, "Sasa najua Nayra alikuwa anaona nini." Kasema kwa mzaha. Nimegeukia ukuta.

Sisi tumechoma sindano. Tutapona, Mungu akipenda. Lakini Mama Saturnina hajachoma hata moja, na mtoto alilala katikati ya baba na bibi Alhamisi na Ijumaa, mdomo wazi, akipumua kila upande.

Nilipiga simu tangu asubuhi. Haikupatikana. Nilishona marinda ya sketi moja nikayafumua. Nikafikiri: nisiwaambie? Huenda hakuna kitu. Nikimwambia hatanipa mtoto kamwe. Hilo wazo lilikaa nami muda wa kuchemsha birika zima, naliandika hapa ili nisijifanye halikuja. Kisha simu yao ikaita.

Upepo kwanza.

"Mama, Limbert anaumwa. Ni yale maradhi. Wamempima."

Mbwa. Upepo.

"Tulikula naye sahani moja," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nami nalala na mtoto shali moja."

Nikamwambia yote niliyoambiwa kituoni. Walale mbalimbali. Mlango uwe wazi. Na nikasikia sauti yangu ikisema: "Mvalishe Nayra barakoa, mama. Siku chache tu. Zile zangu ziko kwenye furushi lake, chini."

"Unasikia unachoniomba?"

"Nasikia."

"Kafungua mdomo juzijuzi tu. Tangu hapo hajanyamaza. Anasema na kuku, anasema na punda, jana kamsimulia jiwe. Mtoto aliyefungwa akasahauliwa – na wewe, wewe, unaniambia nimfunge tena?"

"Mama, yeye haitamdhuru sana. Ni wewe. Ni kwa ajili yako."

Nilisikia akitembea kidogo, mawe, pumzi. Nikadhani amekata. Nikasikia furushi likifunguliwa – kumbe mtoto kapanda nalo kilimani – vitu vikitupwa.

"Ni vidogo hivi," akasema.

"Kamba inarefuka. Vuta fundo."

"Nitavaa mimi. Mtoto aachwe."

Nilimwambia haitoshi. Nilimwambia anayepumua maradhi ndiye wa kufunikwa kwanza, wote wawili ndiyo bora, kituoni wamesema. Alisema kituoni hawalei mtu. Alisema mdomo wake yeye umeshasema yote uliyokuwa nayo, unaweza kukaa ndani. Na nilikuwa nabisha bado, nalia na kubisha, wakati ile sauti nene ilipoingia katikati, karibu kabisa na simu, wazi, bila kitambaa mbele yake:

"Bibi ana masharubu!"

Kwa Kihispania. Kwangu. Ile ya paka, bibi kavaa ile ya paka. Akacheka, na sikuwa nimewahi kumsikia akicheka, na nyuma yake nikasikia Mama Saturnina akikohoa. Mara moja. Kisha tena. Nikaita, mama, mama? Akasema ni kitambaa tu, kinamkera puani, nisianze.

"Unakuja lini?" Nayra akauliza.

Nikamtazama Limbert. Alikuwa amejiinua kwa kiwiko, anasikiliza, macho yanang'aa kwa homa. Koo langu mimi lina mchanga tangu jana jioni. Nimejiambia ni vumbi la kitambaa.

"Mwezi huu," nikamwambia. "Kabla haujaisha. Nayra, sikia, kaa na bibi nje, kwenye jua, usimlalie – nitakuja kabla mwezi haujaisha."